Njia za Kijiji ni Mali ya Nani?

Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei na wajumbe wa Tume ya Haki na Amani, ngazi ya parokia, Sumbawanga





Mada niliyopewa yahusu njia. Sisemi barabara ya lami itokayo Tunduma, wala ile ishukayo Matai hadi bandari ya Kasanga. Nasema vile vijia vyembamba vinavyotoka barabarani na kupotea nyuma ya vilima: njia za pikipiki, za baiskeli, za mikokoteni ya ng'ombe, na za mama mwenye debe la mahindi kichwani akielekea mashineni. Huenda wengine mkajiuliza, Haki na Amani yahusikaje na vijia? Naomba mnivumilie, maana naamini kwamba katika nyanda hizi za Ufipa yako mambo machache yanayotofautisha maskini na mwenye nacho kwa wazi kama njia inayofika, au isiyofika, mlangoni pake.

Tuitazame kwanza nchi yetu jinsi Mungu alivyoiumba. Sisi twaishi juu ya meza. Mji wa Sumbawanga uko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,700. Upande wa mashariki ardhi yaporomoka hadi bonde la Ziwa Rukwa, ambako kimo ni takriban mita 800 tu. Na magharibi yaporomoka tena hadi Ziwa Tanganyika. Wenzetu wa Muze, Mtowisa na Ilemba wako chini ya ukingo mmoja. Wenzetu wa Kala, Wampembe na Kirando wako chini ya ukingo mwingine. Mpunga na ufuta hupanda kutoka bondeni, samaki na dagaa hupanda kutoka ziwani, mahindi, maharage na ulezi hutoka huku juu. Vyote hivyo hupita ukingoni, na mvua inyeshapo kati ya Novemba na Aprili, ukingo huo ndio hakimu anayeamua nani atauza na nani mazao yake yatamwozea.

Zamani shida hiyo ilikuwa ya wote. Nyinyi wazee mnakumbuka safari ya Tunduma wakati wa masika, jinsi malori yalivyokuwa yakilala matopeni siku nzima na abiria wakiteremka kusukuma. Kisha Februari 2008 nchi yetu na Marekani zikatia saini mkataba wa dola milioni 698 chini ya Shirika la Changamoto za Milenia, na barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga, yenye urefu wa kilomita zipatazo 224, ikawa mojawapo ya kazi zilizogharimiwa. Kilomita 112 za Sumbawanga hadi Kasanga zikajengwa kwa fedha za Serikali yetu wenyewe. Tunashukuru, na mwenye macho hana budi kushukuru. Watu wakaanza kusema, "Rukwa imefunguka." Ndiyo, imefunguka, kwa yule anayekaa kando ya lami. Aliye kilomita 15 ndani bado humbeba mgonjwa wake juu ya pikipiki, akiwa ameketishwa katikati ya watu wawili ili asianguke, na penye korongo wote hushuka, mgonjwa naye.

Sheria yasema nini? Sheria ya Barabara Na. 13 ya mwaka 2007 imezigawa barabara zetu katika makundi mawili. Ziko barabara za kitaifa, yaani barabara kuu na barabara za mkoa, ambazo husimamiwa na TANROADS, wakala ulioanzishwa Julai 2000. Ziko na barabara za wilaya, ambazo tangu Julai 2017 ziko mikononi mwa TARURA. Kabla ya hapo zilikuwa chini ya halmashauri zetu. Katika kundi hilo la pili, ngazi ya mwisho kabisa ni barabara za jamii, zile za ndani ya kijiji. Chini ya hizo hakuna kitu tena. Kijia cha pikipiki kipitacho katikati ya mashamba, ambacho labda kaya 80 hukitegemea, mbele ya sheria ni sehemu tu ya ardhi ya kijiji, na msimamizi wake ni halmashauri ya kijiji, kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999. Hakina namba, hakimo katika orodha, na kisichokuwamo katika orodha hakitengewi fedha hata senti moja.

Hapa ndipo penye kiini cha mambo, nami nitakaa hapa kidogo.

Fedha za kutunza barabara hutoka wapi? Watu wengi wetu husema, "Serikali imetuletea greda," kama vile mtu asemavyo, "Mjomba ameniletea zawadi." La hasha. Nchi yetu ina Mfuko wa Barabara, ambao muundo wake wa sasa, wenye bodi yake, watokana na marekebisho ya sheria ya mwaka 1998. Mfuko huo hujazwa hasa na tozo inayokatwa katika kila lita ya petroli na dizeli. Sheria yataka angalau asilimia 90 ya fedha zake ziende katika matengenezo, si ujenzi mpya. Kwa muda mrefu mgawo ulikuwa asilimia 70 kwa Wizara ya Ujenzi na TANROADS, na asilimia 30 kwa barabara za wilaya. Mtandao wa TANROADS ni takriban kilomita 36,000. Ule wa TARURA, baada ya orodha kupanuliwa, wazidi kilomita 144,000. Lazima niseme kwa haki kwamba kilomita moja ya lami inayobeba malori ya kwenda Zambia na Kongo hugharimu mara nyingi zaidi kuliko kilomita ya udongo, hivyo mtu asichukue namba hizo mbili tu akatoa hukumu. Hata hivyo Bunge lenyewe liliona kwamba mizani haikukaa sawa, na mwaka 2021 likaongeza shilingi 100 katika kila lita kwa ajili ya barabara zilizo chini ya TARURA.

Sasa tufanye hesabu ndogo, ya mfano tu. Chukua kijiji chenye bodaboda 20, kila moja ikitumia lita 3 kwa siku. Kwa shilingi 100 zile za nyongeza peke yake, kijiji hicho huchangia shilingi 6,000 kwa siku. Kwa siku 300 za kazi katika mwaka, hizo ni shilingi 1,800,000. Sijahesabu sehemu nyingine ya tozo iliyokuwapo kabla ya 2021. Sijahesabu mashine ya kusaga inayonguruma tangu alfajiri, ambayo haijapata kukanyaga barabara tangu ilipofungwa, nayo hulipa tozo ya barabara katika kila lita ya dizeli. Na mvuvi wa Kirando mwenye mashua ya injini hulipia barabara anapokwenda kutega nyavu! Mama anayelipia kusagiwa debe moja naye amelipa, maana mwenye mashine hujumlisha gharama ya dizeli katika bei yake. Basi asiwepo mtu miongoni mwetu atakayekwenda ofisini kuomba njia huku amekunja mikono kama mwombaji. Aende kama mtu aliyekwisha kulipa.

Wazo hili si la kwetu peke yetu. Kule Marekani wako watu wengi wanaoendesha pikipiki na magari ya porini kwa burudani, katika njia za misituni na jangwani. Kodi ya mafuta waliyokuwa wakilipa ilikwenda yote katika barabara kuu ambazo mafuta yao hayakuchomwa humo. Wakalalamika, na mwaka 1991 ikatungwa sheria iliyoanzisha mfuko wa njia hizo, kwa hoja kwamba kodi ya mafuta yaliyochomwa nje ya barabara irudi kule nje ya barabara. Kanuni zake zilitaka asilimia 30 ziende katika njia za vyombo vya moto, asilimia 30 katika njia za watembea kwa miguu, farasi na baiskeli, na asilimia 40 katika njia za matumizi mchanganyiko, ili mwenye injini asimmeze asiye nayo. Tena kila jimbo latakiwa kuwa na kamati ya ushauri ambamo watumiaji wenyewe wa njia hizo huketi. Nawaulizeni: ikiwa mtu aendeshaye kwa kujifurahisha siku ya Jumamosi ametambuliwa haki yake, vipi yule ampelekaye mama mjamzito katika kituo cha afya?

Wala hatuhitaji kuvuka bahari ili tupate mfano. Katika wilaya ya Makete, kwenye nyanda za baridi kama hizi zetu, ulikuwapo mradi wa usafiri vijijini ulioanza mwaka 1985 kwa msaada wa Uswisi na Shirika la Kazi Duniani. Kabla ya kujenga chochote, wataalamu walikwenda kaya kwa kaya kuuliza watu husafiri wapi na hubeba nini. Walitegemea kusikia habari za safari za mjini. Walichokuta ni kwamba sehemu kubwa kabisa ya safari hufanyika ndani ya kijiji chenyewe, kwa miguu: kisimani, kwenye kuni, shambani na mashineni, na mbebaji mkuu ni mwanamke, kwa kichwa chake. Kutokana na hayo wakatengeneza vijia na vivuko vya miguu, wakahimiza ufugaji wa punda wa kubeba mizigo. Jambo dogo, lakini lilitokana na kuuliza kwanza. Ni mara ngapi sisi tumepangiwa barabara bila mtu kumwuliza mama hupita wapi?

Kanisa nalo halikunyamaza juu ya mambo ya namna hii. Baba Mtakatifu Pius wa 11, katika barua yake ya mwaka 1931, alifundisha kanuni tunayoiita kanuni ya auni: jambo ambalo jumuiya ndogo yaweza kulitenda yenyewe lisinyang'anywe na jumuiya kubwa, na palipo na upungufu, jumuiya kubwa ina wajibu wa kusaidia. Kanuni hiyo ina makali pande mbili. Inamkemea mkubwa anayechukua kila kitu, na inamkemea pia mdogo anayeketi akingoja greda itoke Sumbawanga ije kuziba shimo ambalo vijana sita wangeliziba kwa asubuhi moja. Naye Papa Paulo wa 6, mwaka 1967, aliandika kwamba maendeleo ya kweli ni yale yamfikiayo kila mtu, na mtu mzima wote. Mwaka huohuo aliunda tume ya Haki na Amani huko Roma, ambayo hii yetu ni mjukuu wake.

Mnaijua habari ya Msamaria mwema. Mara nyingi twahubiri juu ya kuhani na Mlawi, na mahubiri hayo hunigusa mimi kwanza. Lakini mmeiangalia ile njia? Kutoka Yerusalemu hadi Yeriko ni mteremko wa takriban mita 1,000, karibu sawa kabisa na kutoka nyanda zetu hadi Ziwa Rukwa. Njia yenyewe ilikuwa kiota cha wanyang'anyi. Msamaria alifunga majeraha, akampakia majeruhi juu ya mnyama wake, akalipa gharama nyumbani mwa wageni. Alitenda upendo kamili. Lakini kesho yake mtu mwingine angeshambuliwa palepale, kwa kuwa njia haikuwa na mlinzi wala msimamizi. Kuishughulikia ile njia, hiyo ndiyo kazi ya Tume hii.

Sasa nigeuke kwetu wenyewe, maana si vema kuinyoshea kidole Serikali peke yake.

Katika kazi za msaragambo upo uonevu ambao tumeuzoea mno hata hatuuoni. Siku ya kuchimba njia wanaofika ni wajane, wazee na vijana wasio na kitu. Asiyefika hutozwa faini. Mwenye lori hayumo. Kisha baada ya wiki mbili lori lake laja kuchukua mahindi baada ya mvua, lachimba mifereji miwili ya kimo cha goti, na njia imekufa. Aliyeiharibu hakulipa, aliyeichimba amepoteza siku yake. Halmashauri ya kijiji ina uwezo wa kutunga sheria ndogo kwa utaratibu uliowekwa: kufunga njia kwa magari mazito siku za mvua kwa kizuizi cha gogo, na kumtaka mwenye chombo kikubwa achangie kwa kadiri ya uzito wake. Anayetumia zaidi na kuharibu zaidi atoe zaidi. Hiyo ni haki ya kawaida kabisa, isiyohitaji mwanateolojia.

Pia iko habari ya ardhi. Njia ikipanuliwa, hupanuliwa upande wa nani? Nimeona zaidi ya mara moja kwamba njia iliyonyooka hupinda ghafla inapokaribia shamba la mtu mkubwa, ikaangukia shamba la mjane. Kuhusu barabara kubwa, sheria ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi kutoka jumla ya mita 45 hadi mita 60, na watu wamezoea kusema kwamba aliyefuatwa na barabara hulipwa, aliyeifuata barabara halipwi. Kuhusu kijia hakuna msemo wala fidia iliyo wazi. Ndiyo maana nasisitiza: ridhaa ya mwenye shamba iandikwe katika muhtasari wa mkutano, kwa jina na kwa vipimo, na kijiji kimpatie sehemu nyingine inapowezekana. Ridhaa ya mdomo iliyotolewa mbele ya kundi la watu wenye majembe si ridhaa.

Na si kila njia inafaa kuboreshwa. Katika msitu wa Mbizi, ambako vijito vyetu hutoka, pikipiki za mkaa zimefungua vijia ambavyo heri vingefungwa. Kuvitia changarawe ni sawa na kumtengenezea mwizi mlango.

Niseme neno moja la ufundi, ingawa wahandisi mliopo mtanisahihisha. Adui wa njia si pikipiki, ni maji. Tairi hukata mfereji mwembamba. Mvua hupita humo, na kwa mteremko kama wetu, msimu mmoja watosha kuugeuza mfereji kuwa korongo. Dawa yake ni rahisi: kila baada ya hatua kadhaa tuta dogo la mawe lililolazwa mshazari, linaloyatoa maji pembeni kabla hayajapata kasi, na penye kijito, mawe yaliyopangwa vizuri ili chombo kivuke juu ya maji. TARURA imejenga madaraja ya mawe ya upinde kwa wingi, hasa mkoani Kigoma, kwa gharama ndogo kuliko ya zege na nondo. Mawe Ufipa hatukuyakosa kamwe! Kazi hii ifanyike Septemba na Oktoba. Anayechimba mtaro Januari anachimba tope.

Lililobaki ni utaratibu. Mkutano mkuu wa kijiji kisheria hukutana kila baada ya miezi mitatu, na kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea ni mjumbe, Mkatoliki na asiye Mkatoliki, Mfipa na Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake, ambaye njia zake za mifugo nazo ziingizwe katika mpango badala ya kugombewa kwa fimbo. Humo ndimo njia ziorodheshwe, zipimwe kwa hatua, na zipangwe kwa umuhimu: ipi yaelekea zahanati, ipi shuleni, ipi kisimani. Kutoka hapo orodha iende Kamati ya Maendeleo ya Kata. Zile zinazofaa kuwa barabara za jamii ziombewe kuingizwa katika orodha ya TARURA. Diwani azisemee halmashauri, na mbunge na mwenyekiti wa halmashauri wazisemee katika Bodi ya Barabara ya Mkoa. Tangu 2017 madiwani wamelalamika kwamba hawana amri juu ya TARURA kama walivyokuwa nayo juu ya idara yao ya ujenzi. Lalamiko hilo lina ukweli, lakini lisiwe kisingizio cha kutopeleka barua. Nyingine zibaki mikononi mwa kijiji, na mapato na matumizi yake yasomwe mkutanoni, shilingi kwa shilingi, pamoja na idadi ya siku ambazo watu walijitolea, kwa sababu jasho nalo ni mchango unaostahili kuandikwa.

Viongozi wa Tume hawaendi mkutanoni kama chama. Wanakwenda kama wanakijiji waliojiandaa. Yeyote atakayetaka kuigeuza orodha ya njia kuwa kampeni ya mtu fulani, makatibu wa vigango mna ruhusa yangu kumzuia.

Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai, na makadirio huandaliwa miezi mingi kabla. Kwa hiyo orodha ya kila kijiji yafaa iwe imepita kwenye mkutano mkuu kabla ya Noeli. Karatasi za kuorodheshea ziko mezani kwa katibu wa Tume. Kila kigango kichukue mbili: moja ibaki kigangoni, ya pili ipelekwe kwa mtendaji wa kijiji, na msiondoke ofisini kwake kabla nakala yenu haijagongwa muhuri wa kupokelewa.